Mwaka Nilioishi Kaskazini Bila Kutoka Hagsätra

Tulimzika Deo mwezi wa tatu, ardhi ikiwa bado ngumu. Nilishuka kutoka kaskazini kwa treni, nikiwa nimevaa viatu visivyofaa makaburini wala ukumbini. Baada ya mazishi tulikula ukumbini Skärholmen, kusini mwa Stockholm: sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki wa kukaanga. Akina mama waliokuwa wamelia tangu asubuhi walianza kulaumiana kwa sauti ya chini juu ya nani aliyesahau pilipili. Kijana mmoja aliyezaliwa huku, mwenye adabu zake, alikuwa anahangaika na mashine ya kahawa iliyogoma. Akamwambia mwenzake kwa Kiswidi kwamba haifanyi kazi, kisha akamalizia kwa Kiswahili: "Imefanya safari ya Deo." Hakujua. Kwake ulikuwa msemo tu wa nyumbani, kama misemo mingine anayoisikia kwa mama yake. Hakujua kwamba Deo alikuwa mtu, na kwamba ndiye tuliyetoka kumfukia. Wakubwa waliokuwa karibu walitazama sahani zao. Mimi niliitazama yangu kuliko wote, kwa sababu msemo ule niliutunga mimi.

Waliniomba niseme neno juu ya marehemu. Nilisema alikuwa mtu wa watu, maneno ambayo kila maiti husemewa, nikakaa. Wakati wa kuondoka Mama Aline alinisubiri mlangoni. Ni mwanamke wa Bukavu, mfupi, na ndiye pekee aliye hai anayejua habari hii yote. Alinishikia koti nikavaa, akaniuliza polepole, "Skola, sasa utasema siku gani? Mwenyewe ameshakufa." Nikamwambia nitaandika. Alinitazama kama mtu aliyeahidiwa jambo na mlevi. Basi naandika.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, shahada ya pili ya uhandisi wa maji, na chumba cha wanafunzi nilichotakiwa kukihama. Wakati ule vyuo vya Sweden vilikuwa havijaanza kutoza ada wageni kama sisi, kwa hiyo tulikuwa wengi wenye vyeti, na waajiri wa Stockholm walituandikia barua nzuri sana za kutukataa. Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Miji midogo ya huko ilikuwa inazeeka. Vijana wake walishakimbilia Stockholm, na waliobaki walihitaji daktari, mwalimu, dereva, na mtu wa kuwasafishia maji ya kunywa. Halmashauri moja, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa imetafuta mhandisi wa maji miaka miwili bila kumpata. Sheria mpya iliruhusu mwajiri yeyote amchukue mgeni, na mwanafunzi aliyekuwa tayari nchini aliweza kuomba kibali bila kurudi kwao kwanza. Nilihojiwa kwa simu na mkuu wa idara aliyeitwa Birgitta, mwanamke mwenye sauti ya mkwaruzo ambaye mbwa wake alibweka mahojiano yote. Aliniuliza kama naogopa giza la kule. Nikamwambia nimetoka Kigoma, umeme tumeujua kwa kuukosa. Akacheka, na kazi nikaipata.

Kosa nililofanya lilikuwa la kwetu kabisa, sidhani kama Mswidi angelifanya: nilikubali kuagwa kabla kibali hakijatoka. Sisi tulikuwa kikundi cha sala, Wakongo na Warundi wengi, Watanzania wachache, na Mganda mmoja aliyekuja kwa ajili ya chakula na hakulificha hilo. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Barnabé wa Uvira, zamani mwalimu, siku hizo mpishi wa shule. Kwake mtu haondoki kimyakimya kama mwizi. Mtu huondoka na watu wake. Nilipomwonyesha mkataba wa kazi hakuuliza neno la pili, alikwenda kuomba ukumbi. Wakaniaga. Nikapewa mablanketi, koti zito, sufuria ya ugali na mwiko wake, dagaa wa kwetu waliofungwa kwenye mifuko mitatu ili wasitangaze safari. Bibi mmoja alinivika kitenge mabegani. Akina mama wakatania kwamba hii ni harusi kamili, bwana harusi tu ndiye amechelewa. Kisha wakaniwekea mikono kichwani wakaniombea. Nilijua kwamba kibali bado. Niliambiwa ni suala la wiki chache, na mdomo wangu ulikuwa umejaa keki. Mpaka leo nikiombewa na watu wengi huwa nafungua jicho moja.

Jumatatu yake barua ikafika. Kumbe ile halmashauri ilikuwa imeitangaza kazi kwenye gazeti la pale pale mjini na kwenye ubao wa maktaba, wakati sheria ilitaka itangazwe siku kumi Ulaya nzima, ili kama kuna Mfaransa au Mgiriki anayetamani kusafisha maji kule apewe nafasi kwanza. Ombi lote lilipaswa kuanza upya, tangazo, maoni ya chama cha wafanyakazi, foleni. Birgitta alinipigia mwenyewe, akaomba radhi, akasema ukweli kama kawaida yao: kama kibali hakitatoka kabla ya tarehe mosi Septemba, baraza litaifuta nafasi na kununua huduma kwa jirani. Wanasheria wao hawakutaka nianze hata siku moja kabla ya uamuzi. Nikitoka Sweden wakati ombi liko mezani, mlango wa kurudi umefungwa. Na kibali chenyewe kikitoka kingenifunga kwa mwajiri mmoja na kazi moja miaka miwili. Niliitamani pingu ile kuliko kitu chochote duniani. Chumba cha wanafunzi nilikuwa nimeshakabidhi funguo. Nikaburuta masanduku yangu mpaka Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni, kwa Mama Aline, nikamwomba hifadhi ya siku tatu.

Mtu atauliza kwa nini sikusema tu kwamba safari imeahirishwa. Hapo ndipo anapoingia Deo. Deo alikuwa Mrundi wa miaka arobaini na kitu, dereva, mpole, mwenye kawaida ya kufunga mkanda wa kiti hata gari likiwa limesimama. Mwaka mmoja kabla yangu naye aliagwa. Mkoa mmoja wa Kanada ulikuwa unatafuta madereva wa malori wa kuhamia vijijini, akapata mkataba, tukamwombea, tukampa koti, bibi yule yule akamvika kitenge. Baada ya wiki mbili tukasikia amerudi. Kampuni ya kule ilikuwa imekataa leseni yake. Hakuna aliyemkejeli usoni. Lakini Jumapili moja keki niliyoioka ilinyanyuka vizuri kisha ikabonyea, na mimi, kwa sababu nina ulimi na napenda kusikilizwa, nikasema keki imefanya safari ya Deo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Deo mwenyewe alikuwa pembeni anapanga viti, akatabasamu. Baada ya mwezi msemo ulikuwa umefika Kista, upande wa pili wa jiji, kwa watu ambao hawakumjua. Betri ikifa, mchumba akibadili nia, mvua ikitishia isinyeshe, yote ilikuwa safari ya Deo. Nilijua vizuri ulimi wa watu wetu unafanya nini, kwa sababu nilikuwa nimeunoa mimi. Sikutaka kuwa wa pili.

Siku tatu zikawa karibu miezi minane. Nyumba ya Mama Aline ilikuwa ghorofa ya tatu, sebule, jiko, na vyumba viwili vyembamba. Nililala chumba cha Aline, aliyekuwa na miaka minane, juu ya godoro lililoingizwa chini ya kitanda chake mchana. Dirisha lilitazama uwanja wa maduka, kwa hiyo pazia halikufunguliwa, na kwa sababu hiyo nilijifunza kuijua saa kwa sauti: treni iliyogeuza, mkokoteni wa mwenye matunda, milango ya duka. Mama Aline alikuwa anasafisha ofisi Kista. Angeweza kunitafutia kazi ya kunishughulisha fikra, lakini Kista ilikuwa na watu wetu kila ghorofa, wengine na kompyuta mbele yao, wengine na ndoo. Skärholmen nako hakukanyagika, kwani hakuna Jumamosi Mkongo hayuko Skärholmen. Nilitoka asubuhi tu, watu wakiwa makazini, nikazunguka msitu mdogo nyuma ya majengo nikiwa nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Tulikula ugali na maharage, na mara moja kwa wiki dagaa nilioagwa nao, na kila nilipowatafuna walinikwama. Aline alimwuliza mama yake kwa Kiswidi kama kukaa kimya ni uongo. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba kukaa kimya ni heshima. Mtoto akanigeukia mimi mhandisi nitoe uamuzi. Nikasema inategemea, jibu ambalo watoto hulidharau, na wako sahihi.

Kila asubuhi kabla ya jambo lolote nilifungua kompyuta kutazama hali ya hewa ya kule ninakoishi. Watu walipiga simu. Niliwaambia theluji ni ya kimo gani, jirani yangu ana paka wangapi, duka linafungwa saa ngapi. Nilikuwa nimeshajijengea nyumba nzima kule, na mapazia ya njano. Sioni haya kusema kwamba siku nyingine nilifurahia. Uongo ukiutunza unakua na kunenepa. Jioni ndipo shida ilipoanza, nilipolala chini nikitazama mbao za kitanda cha mtoto, nikahesabu miezi iliyobaki kufika Septemba. Mlango wa chumba kile haukuwa na ufunguo, haukuwa na hata kitasa kizuri, ulifunguka kwa upepo. Hakuna mtu aliyenifungia. Nimeishi katika nchi mbili na sijawahi kufungwa namna ile.

Chini ya jengo kulikuwa na chumba cha kufulia, cha majengo mawili kwa pamoja, ambacho watu hujiandikia zamu. Zamu ya Mama Aline ilikuwa Alhamisi asubuhi na nilimfulia mimi. Siku moja mwezi wa nne nilikuwa nakunja mashuka, mlango ukafunguka, akaingia Deo na kikapu chake. Nilikuwa nimesahau kwamba alikaa jengo la pili. Nilisimama na shuka la mtoto mikononi, mimi ambaye jana yake nilikuwa nimemwambia Mzee Barnabé kwamba ziwa la kwetu kule kaskazini bado limeganda. Deo aliniamkia. Akauliza kama mashine ya kushoto ni yangu. Nikasema ndiyo. Akapakia nguo zake kwenye ya kulia, akapima sabuni kwa uangalifu, akaibonyeza ianze, akabaki ananiangalia mikono.

"Mimi nilikaa siku kumi na moja kwa rafiki yangu kule Märsta kabla sijasema nimerudi," akaniambia. "Siku ya kumi na mbili chakula kilikuwa hakipiti." Akachukua kikapu chake kitupu, akatoka.

Mwenye moyo mwema angeshukuru. Mimi nilipanda ngazi kwa hasira. Nilimwambia Mama Aline tumekwisha, Deo atasema, nani asiyetaka mwenzake wa aibu. Ningekuwa mimi ningesema, tena ningetafuta na maneno mazuri ya kusemea. Mama Aline alikuwa anachambua mchele. Akasema kila mtu humpima mwenzake kwa kibaba chake, akaendelea kuchambua.

Jumatano kikundi kilisali kwa zamu majumbani, na zamu ya Mama Aline ilifika. Hakuweza kukataa mara ya tatu bila kuulizwa. Nikaingia chumba cha Aline, nikakaa ndani ya kabati kati ya makoti yake madogo, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na kabati lilikuwa upande wa mbali. Nilisikia kila kitu. Nilisikia viatu vikivuliwa, habari za magoti, nani amezaa, nani ametumiwa barua na shule. Kisha wakaniombea. Mzee Barnabé alimwomba Mungu aniongoze katika baridi, anipe kibali mbele ya wakubwa wangu wa kazi, awabariki wazee wanaokunywa maji ya mikono yangu. Wote wakasema amina. Nililia, na nikakasirika kwamba nalia, maana kulia kuna sauti. Walipomaliza Mzee akasema tumpigie mtoto tumwamkie wote pamoja. Simu ikaanza kutetemeka kwenye paja langu.

Kutokupokea ningeweza, lakini nilikuwa nimeshaacha simu zake mbili juma lile. Nikavuta koti kichwani nikapokea. Sauti yake ilinifikia mara mbili, moja sikioni na nyingine kupitia ukutani, ya ukutani ikitangulia kidogo. Aliuliza habari ya kazi, nikanong'ona kwamba niko kikaoni. Akauliza theluji imefika wapi. Nikasema magotini. Hapo nikasikia mtu upande wa pili wa ukuta akikohoa. Alikohoa kikohozi kirefu cha mtu anayekufa, akagonga meza, akaomba maji, akakohoa tena, kila nilipofungua mdomo. Mzee Barnabé akamwambia, "Deo, acha mutoto aseme." Deo akaendelea kukohoa mpaka nikaaga. Nilielewa anafanya nini. Nilielewa pia kwamba sasa wako watu wawili wanaonibeba, na sikumtumia hata ujumbe wa neno moja. Niliogopa kwamba nikimshukuru nitakuwa nimekiri.

Mwezi wa sita ukaingia bila barua. Birgitta alipiga kusema baraza limeanza kuzungumza na jirani. Jumatano ya juma lile lile, tena kwa Mama Aline, Mzee Barnabé akasimama baada ya sala. "Mutoto yetu iko peke yake kule tangu baridi, na sisi tunakaa hapa tunakula sombe," akasema. "Haiko vizuri. Tutaenda kumuona." Alikuwa ameshapanga yote: basi dogo la kukodi Ijumaa mpaka Jumapili, watu kumi na mmoja, na Deo dereva, maana ndiye peke yake mwenye leseni ya gari kubwa namna ile. Nisiambiwe. Wanishtukize mlangoni kwa nyimbo. Mama Aline alisema mbali, akasema mvua, akasema labda niko zamu ya kazi. Aliambiwa mtu hazuii baraka za mwenzake. Ndani ya kabati nilisubiri Deo aseme neno. Aliuliza tu basi litachukuliwa saa ngapi.

Usiku na mchana wa Alhamisi niliandika ujumbe kwa Mzee Barnabé mara nyingi. Mwingine ulikuwa mrefu wenye sheria zote za vibali, mwingine ulisema tu nisamehe. Niliufuta kila mmoja. Nilijiambia nitamwambia wakishaondoka, kisha wakishafika nusu, kisha wakishafika. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi niliwaona kupitia upenyo wa pazia. Akina mama walikuwa na vitenge vya sare. Masufuria yalikuwa yamefungwa kwa taulo. Mzee Barnabé alivaa suti na tai. Kwa ajili yangu. Deo alizunguka basi akikagua kila tairi, akahakikisha wote wamefunga mikanda, wakaondoka. Nilikaa chini ukutani, simu mkononi. Nilipiga hesabu: saa tatu wako wapi, saa sita wako wapi. Niliwaona wakiwa mbele ya ofisi ya Birgitta wakiimba, na Birgitta akiwaambia ukweli kama kawaida yao.

Saa nane mchana basi likarudi uwanjani.

Walipanda juu kwa Mama Aline na masufuria yao, kwa sababu chakula kingeharibika, na mimi nikarudi kabatini. Kwa muda wa saa nne nilisikiliza. Walikuwa wamefika Uppsala tu, mwendo wa saa moja na kidogo. Deo aliingia kituo cha mafuta, akajipapasa mifuko, akatangaza kwamba amesahau leseni nyumbani na kwamba hawezi kuendelea, sheria hairuhusu. Walimwambia waendelee hivyo hivyo, akakataa. Wakamwambia mtu ailete, akasema aliyebaki na ufunguo wake hayupo. Wakakaa pale mpaka adhuhuri wakitafuta dereva mwingine kwa simu, mpaka Mzee mwenyewe akakata tamaa. Bibi wa kitenge alisema kitu ambacho kiliwachekesha kwanza na kuwaudhi baadaye: kama bila leseni huwezi kwenda mbele, umewezaje kurudi nyuma? Deo akajibu, "Kurudi ni karibu." Hapo sebule ililipuka. Kila mmoja akaongeza lake. Mzee Barnabé, ambaye sikuwahi kumsikia akimdhalilisha mtu, alikuwa bado na tai shingoni, nadhani, kwa sababu sauti yake ilibanwa. "Deo, weye hata Mungu akikuita, utarudia njiani," akasema. Watu wakacheka sana. Nikamsikia Deo akisema ni kweli, Mzee. Kisha nikasikia kijiko chake kwenye sahani.

Nilitoka kabatini. Nilifika mlangoni, nikaweka kiganja kwenye ule mlango usio na ufunguo. Ulihitaji kusukumwa kwa kidole. Nilijua nikiufungua wakati ule, watu wote watanitazama mimi na yeye ataweza kula. Nilisimama pale muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi, nikasikiliza wakimaliza wali waliopikiwa mimi, wakivaa viatu, wakishuka ngazi wakiwa bado wanacheka. Mama Aline alipoingia alikuta nimesimama vile vile. Hakuwasha taa. Alisema, "Leseni iko nayo. Nimeiona katika pochi yake wakati anatoa karte ya treni kumwazima mwenzake. Hata hakuificha." Nikamwuliza kama mwingine ameiona. Hilo ndilo swali nililouliza.

Kibali kilitoka mwezi wa nane, siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho. Niliondoka Hagsätra Jumanne asubuhi na masanduku yale yale, na treni ilipopita Uppsala nilifunga macho. Kule kaskazini nilikuta mji mzuri usio na mapazia ya njano. Birgitta alinikabidhi mitambo ya maji na akanikaribisha kwa mikate ya mdalasini. Nilifanya kazi kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Hapakuwa na lolote la kubuni tena, ila nilishangaa jinsi nilivyoendelea kuangalia hali ya hewa kwenye kompyuta kabla ya kuchungulia dirishani. Mara moja nilimpigia Deo. Aliuliza maji yanatoka mtoni au kisimani, nikamweleza. Nilipoanza kusema, kaka Deo, siku ile, akanikata akaniambia nivae vizuri, baridi ya kule si ya mchezo.

Krismasi nilishuka Stockholm. Walinipokea ukumbini Skärholmen kwa vigelegele kama mtu aliyetoka kushinda kitu. Nilikaa meza ya mbele kando ya Mzee Barnabé, na Deo alikuwa jikoni anapakua chakula, kwani ni mtu ambaye hakuweza kukaa wengine wakihudumia. Baada ya kula watu wakataka hadithi, na hadithi ya mwaka ilikuwa ile ya basi. Mzee aliisimulia vizuri, ualimu haujamtoka. Alijipapasa mifuko kama Deo. Alifika kwenye "kurudi ni karibu" na ukumbi wote ukamsaidia kusema. Walicheka hata watoto. Kisha akanigeukia, macho yana machozi ya kicheko, akaniuliza mbele ya wote: "Sema, mutoto, siku ile weye ulikuwa unafanya nini kule peke yako?"

Nafasi ya kusema ilikuwa imewekwa mkononi mwangu. Nilikuwa na kibali, nilikuwa na kazi, nilikuwa na nyumba. Hakuna ambaye angeninyang'anya kitu chochote, labda kicheko cha wiki mbili. Nilimwona Mama Aline ameacha kutafuna.

"Nilikuwa nimepika," nikasema. "Moyo ulinituma tu, kama vile naona kuna wageni. Nikangoja mpaka chakula kikapoa."

Ukumbi ulifanya aah, ile sauti ya huruma ya akina mama, na wote kwa pamoja wakageuka kumtazama Deo. Hawakucheka tena. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sahani mkononi. Alikuja nayo polepole kati ya meza, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Unisamehe, dada," akasema.

Watu wote walinisubiri. Nikamwambia nimemsamehe.